Nani aliichora? Namna ya kumjua mwenye mkono nyuma ya picha mashuhuri

Wiki hii siasa za kaunti nazipa mapumziko. Nataka tuzungumze juu ya picha, na hasa juu ya swali ambalo naulizwa mara kwa mara na wanafunzi, na siku hizi hata na wazazi wao: picha hii ilichorwa na nani, na tunajuaje?

Swali lenyewe laonekana dogo. Ukilifuata utaona limebeba pesa, heshima na haki ya mtu. Picha ileile ikiwa na jina la bingwa hununuliwa kwa mamilioni ya dola, na jina likiondoka hakuna anayeigombania. Yuko mwanamke wa Uholanzi aliyekaa kaburini zaidi ya miaka 200 huku kazi yake ikisifiwa kwa jina la mwanamume. Na hapa kwetu Pwani wako vijana wanaochora kuta na turubai, wageni wanapigia picha kazi zao kila siku, na majina yao hayajulikani na mtu.

Najua wako watakaouliza kwanza hukumu ya kuchora viumbe wenye roho. Hilo lina masheikh wake na nawaachia wao. Mimi hapa nazungumzia elimu ya kumtambua mwenye kazi, elimu ambayo mtu huihitaji hata akiwa anatazama khati ya msikitini au mlango wa nakshi.

Picha ambazo utakutana nazo kila mahali

Tuanze na zile zinazochapishwa kwenye fulana, vikombe na vitabu vya shule. Ukizijua hizi, maswali mengi ya chemshabongo umeshayajibu.

*Mona Lisa.* Ya Leonardo da Vinci, Mtaliano. Alianza kuichora mwanzoni mwa miaka ya 1500, juu ya ubao wa mti, si kitambaa. Iko Louvre, Paris. Iliibwa mwaka 1911 na Vincenzo Peruggia, aliyewahi kufanya kazi hapo hapo, ikapatikana 1913.

*Karamu ya Mwisho.* Ya Leonardo huyo huyo, ukutani katika nyumba ya watawa mjini Milan, miaka ya 1495 hadi 1498 hivi.

*Msichana mwenye Hereni ya Lulu.* Ya Johannes Vermeer wa Delft, Uholanzi, yapata mwaka 1665. Iko The Hague. Mwaka 1881 ilinunuliwa mnadani kwa gilda mbili na senti chache, kwa sababu ilikuwa chafu na hakuna aliyeijali.

*Zamu ya Usiku.* Ya Rembrandt, 1642. Iko Rijksmuseum, Amsterdam.

*Las Meninas.* Ya Diego Velázquez wa Uhispania, 1656. Iko Prado, Madrid. Mchoraji mwenyewe yumo ndani ya picha, amesimama na brashi yake.

*Wimbi Kubwa.* Ya Katsushika Hokusai wa Japani, yapata 1831. Hii ilipigwa chapa kwa mbao zilizochongwa, kwa hiyo nakala zake za asili ni nyingi na zimetapakaa duniani. Anayesema ameiona "ile yenyewe" mahali fulani, na mwingine akasema ameiona kwengine, wote wawili huenda wakawa wakweli.

*Usiku wa Nyota.* Ya Vincent van Gogh, Mholanzi, Juni 1889, alipokuwa akitibiwa Saint-Rémy, Ufaransa. Iko New York.

*Ukelele.* Ya Edvard Munch wa Norway, 1893. Aliichora zaidi ya mara moja, kwa hiyo usishangae ukiiona kwa rangi tofauti.

*Guernica.* Ya Pablo Picasso, 1937, baada ya mji wa Guernica nchini Uhispania kupigwa mabomu. Iko Madrid.

*Mfunza Kobe.* Ya Osman Hamdi Bey wa Istanbul, 1906. Huyu alikuwa pia mtaalamu wa mambo ya kale, na ndiye aliyekuwa mkuu wa makumbusho ya dola ya Uthmaniya. Iko Makumbusho ya Pera, Istanbul.

Sasa basi, haya majina tunayakariri. Lakini nani alithibitisha?

Dalili tano zinazomfichua mchoraji

*Ya kwanza ni sahihi.* Wengine walitia jina, wengine hawakutia. Mona Lisa haina sahihi. Van Gogh alipotia, aliandika "Vincent" tu. Tatizo la sahihi ni kwamba ndiyo kitu chepesi zaidi kughushi: mtu achukua picha ya zamani ya mchoraji asiyejulikana, afuta jina, aandika jina kubwa. Kwa hiyo mtaalamu huitazama sahihi kwa darubini aone kama rangi yake imekauka pamoja na picha, au imepita juu ya nyufa za zamani. Ikiwa imejaa ndani ya ufa, imekuja baadaye.

Mwandiko nao husaidia. Juu ya ile Ukelele ya 1893 kuna maneno madogo ya kalamu ya risasi yanayosema kwamba picha hiyo haiwezi kuwa imechorwa ila na mwendawazimu. Kwa miaka mingi watu walidhani ni mtazamaji mkorofi aliyeyaandika. Mwaka 2021 makumbusho ya taifa ya Norway yalipiga picha maandishi hayo kwa miale isiyoonekana kwa macho, yakalinganishwa na barua za Munch, ikabainika kuwa aliyaandika yeye mwenyewe.

*Ya pili ni silsila ya picha.* Hili sisi tuliosoma chuoni latuingia upesi. Hadithi haikubaliwi kwa matini peke yake. Huulizwa isnadi: fulani kapokea kwa nani, naye kapokea kwa nani, na je, walikutana? Picha nayo ni vivyo hivyo. Ilitoka mkononi mwa mchoraji ikaenda kwa nani? Akaiuza lini? Iko risiti, wasia, orodha ya mali ya marehemu, tangazo la mnada? Palipo na pengo la miaka 100 ndipo penye shaka.

Mona Lisa yatupa mfano mzuri. Picha haina jina, lakini Giorgio Vasari aliitaja katika kitabu chake cha maisha ya wachoraji mwaka 1550. Wapo waliosema Vasari alikuwa akihadithia tu. Kisha mwaka 2005, katika maktaba ya chuo kikuu cha Heidelberg, Ujerumani, ikaonekana hashia iliyoandikwa pambizoni mwa kitabu Oktoba 1503 na Agostino Vespucci, karani wa Florence, ikisema kwamba Leonardo alikuwa akimchora Lisa del Giocondo. Hashia ya mistari michache imeziba pengo la miaka 500.

*Ya tatu ni mkono.* Kila fundi ana mkono wake. Mwenye kujua khati hujua hii ya nani kabla hajasoma jina. Katika karne ya 19 Giovanni Morelli, Mtaliano aliyesomea udaktari, alisema tusitazame uso na nguo, kwa sababu hizo kila mwanafunzi huiga. Tutazame masikio, kucha na vidole, mahali ambapo mchoraji huchora kwa mazoea bila kufikiri. Kwa njia hiyo alibadilisha majina ya picha kadhaa katika makumbusho ya Ulaya.

*Ya nne ni vifaa.* Rangi zina tarehe zake za kuzaliwa. Buluu iitwayo ya Prussia haikuwako kabla ya mwanzo wa miaka ya 1700. Nyeupe ya titani ilienea kwa wachoraji kuanzia miaka ya 1920. Ubao nao una pete za mti, na mtaalamu huzihesabu akajua mti ulikatwa baada ya mwaka gani. Mchoraji hawezi kuwa amefariki kabla mti wake haujakatwa.

Mjerumani Wolfgang Beltracchi aliwahadaa matajiri na wataalamu kwa miaka mingi. Aliuza picha aliyodai ni ya Heinrich Campendonk ya mwaka 1914, ikanunuliwa mwaka 2006 kwa karibu euro milioni 2.9. Rangi ilipopimwa ikakutwa nyeupe ya titani. Mwaka 2011 alihukumiwa kifungo cha miaka 6.

*Ya tano ni kilicho chini.* Kwa eksirei huonekana mchoro wa kwanza chini ya rangi. Aliyebuni picha mwenyewe hubadilisha mawazo: mkono ulikuwa hapa, akauhamisha. Mwenye kunakili hana la kuhamisha, kwani jibu liko mbele yake. Masahihisho yaliyofichika ni dalili njema.

Hakuna dalili moja inayotosha. Zikikubaliana tatu au nne, hapo ndipo jina huandikwa.

Majina yaliyopotea na yakarudi

Judith Leyster alizaliwa Haarlem, Uholanzi, mwaka 1609. Alikubaliwa kuwa fundi kamili katika chama cha wachoraji wa mji wake mwaka 1633, jambo lililokuwa adimu kwa mwanamke. Alipofariki mwaka 1660 jina lake likazama. Picha zake zikauzwa kama za Frans Hals, bingwa wa mji huo huo, kwa sababu za Hals zilikuwa na bei. Mwaka 1893 mtaalamu Cornelis Hofstede de Groot akaichunguza picha moja mashuhuri iliyodaiwa kuwa ya Hals, akakuta alama ndogo: herufi J na L zimeungana, na nyota ubavuni. Leyster kwa Kiholanzi ni nyota inayoongoza mabaharia. Bibi alikuwa ametia jina lake, na watu waliitazama picha miaka yote hiyo wasilione.

Kisa cha pili. Makumbusho ya Metropolitan, New York, yalipokea mwaka 1917 picha ya msichana anayechora karibu na dirisha, ya mwaka 1801, ikiwa na jina la Jacques-Louis David, mchoraji mkuu wa Ufaransa. Watu wakaisifu sana. Mwaka 1951 Charles Sterling alionyesha kwamba picha hiyo ilikuwa katika maonyesho ya Paris ya 1801, ambayo David aliyasusia. Basi haikuweza kuwa yake. Ikapewa mwanamke mmoja kwanza, kisha mwaka 1996 Margaret Oppenheimer akaleta hoja zilizoielekeza kwa Marie-Denise Villers. Angalieni kwamba hapa hakikutumika chombo chochote cha kisasa. Alisoma orodha ya maonyesho kwa makini, basi.

Na kisa cha tatu ni kinyume chake, mtu aliyekana sifa hadi alipotaka kuokoa shingo. Han van Meegeren, Mholanzi, alichora picha za dini akaziuza kama za Vermeer. Moja ilinunuliwa mwaka 1937 kwa ajili ya makumbusho ya Rotterdam, baada ya Abraham Bredius, mtaalamu mkubwa wa zama hizo, kuisifu. Nyingine ilimfikia Hermann Göring, mkubwa wa Wanazi. Vita vilipokwisha 1945, van Meegeren akakamatwa kwa kumuuzia adui hazina ya taifa. Hapo ndipo aliposema: sikumuuzia Vermeer, nilimuuzia yangu. Hawakumwamini mpaka alipochora nyingine mbele ya mashahidi. Mwaka 1947 alihukumiwa mwaka mmoja kwa ulaghai, akafariki kabla hajautumikia.

Rembrandt naye alipunguziwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 picha zaidi ya 600 zilihesabiwa kuwa zake. Mwaka 1968 wataalamu wa Uholanzi walianza kuzichunguza moja moja, na nyingi zikarudishwa kwa wanafunzi wake. Mtu mwenye Kofia ya Dhahabu, iliyo Berlin, ilikuwa ikipendwa na maelfu. Katika miaka ya 1980 ikatangazwa kwamba si yake. Picha haikubadilika hata chembe, ila foleni mbele yake ilipungua.

Picha iliyofika Ghuba

Wengi mnakumbuka habari ya Salvator Mundi. Mwaka 1958 iliuzwa London kwa pauni 45, ikidhaniwa ni ya mwanafunzi. Mwaka 2005 ikanunuliwa New Orleans, Marekani, kwa bei ndogo, ikasafishwa, na mwaka 2011 ikaonyeshwa London kama ya Leonardo. Novemba 2017 ikauzwa mnadani New York kwa dola milioni 450.3, bei ambayo hakuna picha iliyowahi kuifikia mnadani kabla yake. Mnunuzi aliyetajwa alikuwa mwanamfalme wa Saudia. Ilitangazwa itaonyeshwa Louvre Abu Dhabi mwaka 2018, maonyesho yakaahirishwa, na tangu hapo haijawekwa hadharani. Mwaka 2021 Prado ya Madrid iliiweka katika orodha ya kazi zisizokuwa za mkono wa Leonardo mwenyewe.

Dola milioni 450, na wataalamu bado wanazozana juu ya jina. Mali yote hiyo imesimama juu ya silsila yenye mapengo.

Bihzad wa Herat

Wasomaji wangu wasidhani mambo haya ni ya Ulaya tu. Kamal al-Din Bihzad wa Herat, aliyefariki mwaka 1535, ndiye mchoraji wa vitabu anayejulikana zaidi katika ulimwengu wa Kiislamu wa mashariki. Mshairi Saadi aliandika Bustani, na nakala yake moja ya mwaka 1488, iliyoko Dar al-Kutub mjini Cairo, ina picha zenye jina la Bihzad, ikiwemo ya kisa cha Nabii Yusuf, alayhi salaam, na Zulaikha. Sahihi imeingizwa ndani ya mchoro wenyewe, kwa maandishi madogo na ya unyenyekevu: kazi ya mja Bihzad.

Baadaye jina lake likawa kama muhuri wa dhahabu. Wenye vitabu waliandika "Bihzad" chini ya picha wasizozijua mwenyewe ili zipande bei. Kwa sababu hiyo wataalamu huanza na Bustani ya Cairo, ambayo hawana shaka nayo sana, na kila picha nyingine huipima kwa hiyo.

Tingatinga, jirani yetu

Tukivuka mpaka wa Lungalunga tunakutana na kisa chetu wenyewe. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru, kusini mwa Tanzania, mwaka 1932. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, akahamia Dar es Salaam, na mwaka 1968 hivi akaanza kuchora wanyama, ndege na watu kwa rangi za baiskeli juu ya ubao mgumu wa mraba, akiuza Oysterbay. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu anayekimbia, akafa. Alichora kwa miaka minne tu.

Jamaa na wanafunzi wake wakaendelea, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika. Leo "tingatinga" ni jina la mtindo mzima, na utaziona picha hizo kutoka Zanzibar hadi kwenye maduka ya Diani na Malindi. Hapo ndipo wanunuzi wanapoteleza. Picha ya mtindo wa tingatinga si picha ya Tingatinga. Zake mwenyewe ni chache, na za kughushi zenye jina lake ni nyingi. Na kosa la pili ni baya zaidi: wachoraji waliokuja baada yake, kila mmoja na mkono wake, wamemezwa na jina la marehemu. Mtu ana picha ukutani miaka 20 na hajawahi kusoma jina lililo pembeni.

Ukikutana na picha, fanya hivi

Tazama pembe zote nne, kisha geuza nyuma. Mihuri, namba za mnada na vibandiko vya duka huwa nyuma.

Ipige picha kwa simu na uitafute kwa picha kwenye intaneti. Kwa picha mashuhuri utapata jina mara moja. Lakini jina ulilopewa lithibitishe katika tovuti ya makumbusho yanayoimiliki, kwani mitandaoni watu hunakili makosa ya wenzao.

Soma maneno ya kibandiko kwa makini. "Ya fulani" ni jambo moja. "Yanasibishwa na fulani" maana yake wanaamini ila hawana uhakika. "Karakana ya fulani" ni wanafunzi wake chini ya usimamizi wake. "Mtindo wa fulani" ni mwingine kabisa, huenda wa karne nyingine. "Kwa mfano wa fulani" ni nakala.

Ukiambiwa ni ya mchoraji mkubwa, uliza silsila. Muuzaji akikasirika, ondoka.

Na sisi je?

Namjua kijana mmoja wa Kisauni aliyechora ukuta mzima wa mkahawa: mashua, mnara na wazee wakinywa kahawa. Alitia jina lake chini pembeni. Ukuta ulipopakwa upya ukingo wa chini, jina likapakwa nalo. Sasa picha ile iko kwenye kadi zinazouzwa, na hakuna mahali palipoandikwa aliyeichora. Baada ya miaka 50 mtafiti atakuja kuuliza, naye ataambiwa, "Ni fundi mmoja tu wa huku."

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 yampa mchoraji haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mwenye kazi, na yailinda kazi hiyo maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kazi yaweza kusajiliwa na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Lakini sheria haimsaidii asiyeweza kuonyesha kwamba kazi ni yake.

Basi nawaambia wachoraji wetu, na wachongaji, na waandishi wa khati: andika jina lako kamili na mwaka, mbele na nyuma. Ukiwa wachora ukuta, weka jina juu, mahali ambapo maji na brashi ya fundi rangi haifiki upesi. Piga picha kazi ikiwa mbichi na wewe ukiwa kando yake. Toa risiti, hata ya karatasi ya daftari, iandikwe kazi gani, ukubwa gani, kwa nani, tarehe gani, na ubaki na nakala. Hiyo ndiyo isnadi yako.

Na nyinyi wenye mikahawa, mahoteli na misikiti, mkimpa mtu kazi, andikeni jina lake mahali pa kusomeka. Halizidishi gharama hata shilingi moja, na mwenye haki amepata haki yake.